Tone la Nne

Shule ya tatu wiki hii. Gore, kusini ya kusini,
mji wa kondoo na mito baridi,
barafu ingali kwenye nyasi saa tatu asubuhi.
Karani ananipa kibandiko cha jina, kakosea herufi;
nakibandika vivyo hivyo.
Nina dakika arobaini, baina ya hesabu na chakula,
niwafundishe kutunga hadithi
na, kama barua ya mwalimu mkuu ilivyoomba,
"utamaduni wa Kichina kwa ujumla."

Kwa ujumla!
Maelfu ya miaka ndani ya mkoba wenye zipu mbovu:
brashi, jiwe la kusagia wino,
keki ya mwezi niliyoikata vipande ishirini na saba,
kila kimoja ukubwa wa ukucha wa gumba.

Wameketi zuliani, magoti yana matope.
Maswali yanatangulia salamu.
Unajua kupigana? Umewahi kuona joka?
Mbona vitabuni mwako hakuna mtoto anayeitwa Fergus?
Hilo la mwisho naliandika kiganjani.

Nawaambia: msianze na joka.
Anzeni na kitu mnachoweza kukibeba.
Mimi naanza na kabichi.
Baba wa babu yangu alivuka bahari kufuata dhahabu,
akakuta waliomtangulia wameshaimaliza,
akapanda kabichi.
Zikanenepa, zikanenepa, hata
kondoo wakajikinga theluji chini ya majani yake,
na mchungaji akawa anabisha hodi
kabla ya kuwahesabu.

"Uongo!" anapaza Tamihana, macho yanamwaka.
Uongo, naam. Lakini kabichi ni za kweli,
na theluji, na kodi aliyotozwa kwa sababu ya sura yake,
na miaka kumi na tisa bila kumwona mkewe.
Zulia zima kimya.
Sikupanga kulisema hilo. Limenitoka tu.

Fergus ananyosha mkono:
yeye ataanza na jino la babu yake,
la dhahabu, linalolala kwenye kopo la vifungo.
Umenishinda, namwambia.

Nyuma, kando ya rafu ya mipira, kuna mvulana
anayefunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.
Rejista yamwita Eliot. Mama yake anauza samaki na chipsi
karibu na reli. Sijapata kumwona, ila namjua:
miaka hamsini nyuma viatu vile vilikuwa vyangu,
siku alipokuja mgeni na taa za karatasi
na mwalimu akasema, "Suet-Ying, simama utueleze,"
nami sikuwa na la kueleza
ila kwamba sakafu ilikuwa ngumu mno kunimeza.
Kwa hiyo simtazami.
Nampitishia keki kama wenzake.

Nasaga wino. Darasa linanuka moshi wa jana.
Naandika neno moja, kubwa, kwenye karatasi ya ukutani.
Mvua, nasema. Hapa mbingu, hapa dirisha,
na haya ni matone.
Wanaiga. Wino unapanda hadi kwenye nyusi.

Nyuma yangu, nyayo.
"Limebaki tone," ananong'ona Eliot.
Nahesabu. Matatu.
Vitabu kumi na vinne nimeandika,
na mwandiko huu nimejifunza ukubwani, Jumanne jioni,
pamoja na wastaafu wawili na mhasibu mmoja;
bibi aliniachia maneno ya jikoni tu.
Namkabidhi brashi.

Analitia tone lake bila haraka,
kama mtu anayerudishia dirisha asiamshe mtoto.
Kisha analitamka lile neno, na halifanani na langu:
lake la mji mkubwa wa kaskazini,
langu la kijiji kilichobaki mdomoni mwa bibi.
"Sasa lipi sahihi?" Tamihana anataka kujua.
Tunatazamana, mimi na Eliot.
"Mama yangu ana jingine," anasema,
na sauti, safari hii, inafika hadi kwenye mipira.
"Alilisema siku paa letu lilipovuja
juu ya karai la mafuta ya moto..."

Kengele inalia.
"Subiri kwanza," anasema Fergus, kaikalia mikono yake.
"Halafu?"